Danieli, Ndafu na Madirisha

GASTO: Tuanze na ile klipu.

LILIAN: Hatuanzi na klipu. Tunaanza na Danieli wa kwenye Biblia. Nimeandaa mafunzo manne, yapo kwenye daftari hapa, na leo tunayamaliza yote.

GASTO: Danieli atakuja tu, dada. Sasa, kwa ambao hamjarushiwa kwenye magrupu: dada Lily, mhazini wa kila kamati inayoundwa jijini hili, Jumamosi yuko kwenye sendofu, wanamuaga binti anayeolewa. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeingia na muziki wake, majani mdomoni, ukumbi mzima vigelegele. Binti anakata, analisha wazazi, analisha mashangazi. MC anaita kamati. Dada anasogea na kitenge chake cha sare, binti ananyanyua kipande, na dada...

LILIAN: Nilisema nimefunga.

GASTO: Kwenye maiki!

LILIAN: Maiki ilikuwa ya MC. Yeye ndiye aliyeniwekea mdomoni, akauliza, "Mhazini vipi, au hela zimeisha?" Nikajibu. Kanisani tuko kwenye mfungo wa Danieli, wiki tatu, hakuna nyama, hakuna sukari. Ni mboga, dengu, matunda na maji. Ulitaka nidanganye?

GASTO: Ungeipokea kwenye tishu ukarudi kukaa. Nusu ya wanaolishwa ndafu wanafanya hivyo.

LILIAN: Ndiyo maana leo nimemleta Danieli. Funzo la kwanza. Anachukuliwa Yerusalemu kama mwaka 605 KK, bado kijana, yeye na kina Hanania, Mishaeli na Azaria. Babeli wanaingizwa shule ya ikulu miaka 3, wasome lugha na elimu ya Wakaldayo, wapewe majina mapya, wale chakula cha meza ya mfalme Nebukadneza. Na Danieli akaazimu moyoni mwake...

GASTO: Moyoni! Mmesikia jamani? Si kwenye maiki.

LILIAN: Gasto.

GASTO: Hapana, ngoja, hili ni la maana. Baada ya kuazimu anafanya nini? Anamfuata mkuu wa matowashi, anaomba. Anaomba! Mkuu anamwambia, kijana, mfalme akiwaona mmekonda, kichwa kitakachokatwa ni changu. Danieli hajibishani naye. Anashuka kwa msimamizi, anamwambia tujaribu siku 10, tupe mboga na maji, halafu utuangalie nyuso. Mazungumzo yote ya pembeni. Angekuwa kwenye kamati yenu, angemfuata MC mapema jioni, amnong'oneze: kaka, jina langu liruke.

LILIAN: MC yule hanong'onezeki.

GASTO: Halafu angalia alivyokubali mengine yote. Kaitwa Belteshaza, jina ambalo mfalme mwenyewe anasema ni la mungu wake, kaitikia. Kapelekwa darasani na wasoma nyota, kaenda. Kapewa kazi kwenye serikali ya watu waliokuja kuchoma hekalu lao, kafanya. Alichokataa ni sahani tu.

LILIAN: Na kwa nini sahani? Kwa sababu meza ya mfalme ndiyo iliyowamaliza wengi. Soma mwisho wa 2 Wafalme. Yehoyakini, mfalme wa Yuda, anatolewa gerezani, anavuliwa nguo za kifungo, anakula mbele ya mfalme wa Babeli siku zote za maisha yake. Mfalme wao kala. Danieli, mtoto wa shule, akasema mimi sili.

GASTO: Na mgawo wa Yehoyakini upo mpaka leo, unajua?

LILIAN: Upo wapi?

GASTO: Berlin. Wajerumani walianza kuchimba Babeli mwaka 1899, wakakuta mabamba ya udongo ya stoo ya ikulu. Moja ni la mwaka 592 KK. Imeandikwa mafuta kiasi fulani kwa Yehoyakini mfalme wa Yuda, kiasi fulani kwa wanawe watano.

LILIAN: Kwa hiyo mwenye stoo wa Babeli...

GASTO: Alikuwa mhazini kama wewe, na risiti zake zimekaa zaidi ya miaka 2,500. Zako za kamati ya mwaka jana ziko wapi?

LILIAN: (anacheka) Ziko kwenye mfuko. Funzo la pili...

GASTO: Bado tupo kwenye chakula. Danieli aliletewa chakula kwenye tundu la simba.

LILIAN: Wapi hapo?

GASTO: Sura ya 14.

LILIAN: Danieli yangu inaishia sura ya 12.

GASTO: Basi nyie mlipunjwa. Sisi Wakatoliki tuna 13 na 14. Sikia. Danieli yuko tunduni siku 6, simba 7, na wameshindishwa njaa makusudi ili wamle. Huku Yudea, nabii Habakuki amepika mchuzi, kamegea mikate kwenye bakuli, anawapelekea wavunaji shambani. Malaika anamwambia, hicho chakula peleka Babeli, kwa Danieli. Habakuki anasema, Bwana, Babeli sijawahi kuiona, na hilo tundu silijui. Malaika anamkamata nywele za utosini, huyo mpaka Babeli, anatuliwa juu ya tundu na bakuli lake!

LILIAN: Bila kumwaga?

GASTO: Haisemi amemwaga.

LILIAN: Mchuzi wa nini?

GASTO: Haijaandikwa.

LILIAN: Kama ni wa nyama, mfungo umevunjika hapo.

GASTO: Wavunaji wa siku nzima juani uwapelekee mchuzi wa mchicha? Ni nyama ile. Tena hata kwenye Danieli yako fupi, sura ya 10, anasema kwa majuma 3 hakula nyama wala divai. Maana yake siku nyingine anakula! Kama hali nyama kabisa, ya nini kuitaja?

LILIAN: Ile ya sura ya 10 ndiyo mfungo wenyewe tunaoufunga. Ya sura ya 1 ilikuwa suala la unajisi.

GASTO: Kwa hiyo mzee alikuwa anakula nyama choma kando ya mto Hidekeli.

LILIAN: Wewe, usimpeleke Danieli baa!

GASTO: Na bado kuna Beli. Sanamu ya Babeli, kila siku inaandaliwa kondoo 40, unga, divai. Mfalme anasema, huoni Beli anavyokula? Danieli anacheka. Usiku anamwaga majivu sakafuni, mlango unafungwa kwa muhuri. Asubuhi, nyayo! Makuhani 70 na wake zao na watoto, walikuwa na mlango wa siri chini ya meza.

LILIAN: Hiyo nimeipenda. Danieli mkaguzi.

GASTO: Kondoo 40, dada. Wewe uligombea kipande kimoja.

LILIAN: Sasa hapo umenipeleka ninapopataka. Mkaguzi. Sura ya 6, utawala wa mfalme Dario, Danieli ni mmoja wa wakuu watatu walio juu ya maliwali 120. Wenzake wanamtafutia kosa kazini wanakosa. Ana hati safi! Ndipo wanasema huyu hatumpati ila kwa habari ya Mungu wake. Wanamsainisha mfalme amri: siku 30, asiombwe mungu wala mtu yeyote isipokuwa mfalme. Danieli anajua imesainiwa. Anaingia nyumbani, madirisha yako wazi kuelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara 3 kwa siku. Hapo kuna kunong'ona?

GASTO: Hapo angefunga dirisha.

LILIAN: Usiseme hivyo.

GASTO: Nasema. Siku 30. Angefunga dirisha akaomba vilevile. Yesu mwenyewe kasema ingia chumbani mwako, funga mlango, uombe. Hakusema chungulia kwanza uone kama wapo wanaokuona.

LILIAN: Lakini Biblia inasema alifanya kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Hakufungua kwa ajili yao, ila hakufunga kwa ajili yao. Angefunga siku ile, ile amri ingekuwa imeshamwingia chumbani. Na wanamchora kwenye vitabu vya watoto kijana ana misuli! Piga hesabu. 605 mpaka 539, Babeli inapoanguka, ni miaka 66. Hata kama alichukuliwa na miaka 14, ni mzee wa 80. Magoti yenyewe yanauma. Na anaelekea nini? Hekalu limechomwa mwaka 586. Dirisha linatazama majivu. Kilichobaki ni lile ombi la Sulemani kwenye 1 Wafalme 8, kwamba wakiwa utumwani wakiomba kuelekea nyumba hii, usikie.

GASTO: Hapo sina neno, umeongea vizuri. Lakini mama wa binti si Dario. Hakuna aliyekuwindia kosa Jumamosi. Walikuwa wanakupa heshima ya kamati, ukawarudishia kwenye maiki.

LILIAN: Niliulizwa nikajibu. Ungenifundisha nipokee nyama nijifanye natafuna?

GASTO: Nasema Danieli wa sura ya 1 alimwonea huruma hata yule mkuu wa matowashi, kichwa chake kisikatwe. Na kitu kingine. Babeli ilijaa Wayahudi. Unadhani wote waliacha dirisha wazi? Wapo waliofunga, wana watoto, wakaomba kimya siku zote 30. Hawakuandikwa kwa sababu hawakukamatwa. Utawaambia hawana imani?

LILIAN: Sijasema hawana. Lakini mtoto wa yule aliyefunga dirisha atajuaje kuna Yerusalemu?

GASTO: Baba yake atamwambia usiku.

LILIAN: Usiku! Na mchana anaona baba yake anamwomba Dario?

GASTO: Anaona baba yake yu hai.

LILIAN: Hapana. Hapana, Gasto. Hapo sikubali.

GASTO: Wala mimi dirisha sikubali.

LILIAN: Kwa hiyo Danieli alikosea?

GASTO: Sijasema alikosea. Nasema si kila mtu kaitwa kwenye hilo dirisha, na si kila dirisha ni la Danieli.

LILIAN: Na mimi nasema kila anayefunga anasema maneno hayohayo.

GASTO: Inawezekana.

LILIAN: ...

GASTO: Fundi anatuonyesha vidole. Dakika mbili.

LILIAN: Mbili? Nina mafunzo matatu hapa! La pili lilikuwa barua ya Yeremia, sura ya 29, jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji. La tatu sijui hata...

GASTO: Lisome haraka.

LILIAN: Halisomeki haraka, lina vipengele. Acha. Nitaliweka wiki ijayo.

GASTO: Wiki ijayo ni Esta.

LILIAN: Esta, sawa. Na Esta tunaanzia sura ya 4, kwenye mfungo.

GASTO: Tunaanzia sura ya 1. Ahasuero kafanya sherehe siku 180, halafu akaongeza karamu ya siku 7. Lazima tujue kamati ilikuwa na watu wangapi.

LILIAN: Fundi, zima.