Crown ya Mwaka Gani? Mazungumzo Kabla ya Kutuma Fedha Japani

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, katika kipindi chetu cha magari yaliyotumika. Leo tunakaa kwenye gari moja tu, Toyota Crown, na hasa kizazi ambacho kiwanda kinakiita S210, kilichoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2012 na kumalizika mwaka 2018. Msikilizaji wetu mmoja wa Mbezi anachagua kati ya Athlete ya 2014 yenye injini ya V6 ya lita 2.5 na Athlete ya 2016 yenye injini ya turbo ya lita 2.0, yaani inayosukumiwa hewa zaidi ili kuongeza nguvu, na dalali wake amemshauri achukue ya 2016 kwa hoja moja tu, kwamba ni mpya zaidi. Kaka Elia, wewe ungemjibuje?

ELIA: Asante, dada Zuhura. Ningemwomba kwanza aache kuhesabu miaka, ahesabu matoleo. Kizazi hiki kina nusu mbili, na mpaka wake ni tarehe 1 Oktoba 2015, siku Toyota ilipotoa Crown iliyoboreshwa. Crown iliyotengenezwa Januari 2013 na ile ya Agosti 2015 hazitofautiani sana, lakini ya Agosti 2015 na ya Novemba 2015 zimeachana mbali, ingawa zimepishana miezi mitatu. Bodi iliimarishwa kwa gundi maalumu na kwa nukta zaidi za kuchomelea, suspensheni ikarekebishwa, na ile V6 ya lita 2.5 ikaondolewa kwenye Athlete na kupisha turbo yenye gia nane. Royal, aina nyingine ya Crown hiyohiyo, ndiyo iliyoendelea na V6 hiyo.

ZUHURA: Kwa hiyo mtu anayesema amenunua Crown ya 2015 bado hajatueleza kitu.

ELIA: Hajatueleza, na tatizo linaongezeka kwa sababu hati ya kusafirisha gari inayotoka Japani huonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Gari linaweza kutengenezwa Septemba 2015, likakaa kwa muuzaji miezi kadhaa, likasajiliwa Februari 2016, na tangazo la huku likasema ni la 2016 wakati sura yake, injini yake na bodi yake vyote ni vya toleo la kwanza. Muuzaji hajasema uongo, ila mnunuzi amelipia kitu ambacho hakupata.

ZUHURA: Basi mtu wa kawaida, asiye fundi, atalijuaje toleo?

ELIA: Asome herufi za mwanzo za namba ya chesisi. Zikiwa GRS210, hiyo ni V6 ya lita 2.5, GRS214 ni Athlete ya lita 3.5, AWS210 ni haibridi ya lita 2.5, yaani inayotumia petroli pamoja na umeme wa betri, na ARS210 ni turbo ya lita 2.0. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu turbo haikuwapo kabla ya Oktoba 2015, kwa hiyo ukiona ARS210 umekwisha kujua kwamba uko kwenye nusu ya pili. Haibridi inahitaji kazi zaidi, kwa kuwa AWS210 ilitumika kabla na baada, na hapo itabidi namba nzima itafutwe kwenye katalogi ya vipuri ya Toyota ili mwezi wa kutengenezwa ujulikane. Sura peke yake isimdanganye mtu, maana grili na bampa vya toleo jipya hufungwa kwenye gari la zamani kwa siku moja, tena hapahapa mjini.

ZUHURA: Nami niongeze njia ambayo watu wa yadi wanaijua vizuri. Ukiwa mbele ya gari lenyewe, vuta mkanda wa dereva hadi mwisho wake, utakuta chini kabisa lebo ndogo ya kitambaa yenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Tarehe hiyo kwa kawaida hutangulia ya gari kwa muda mfupi tu. Ukikuta mkanda wa kushoto ni wa 2013 na wa kulia ni wa 2017, uliza kwa nini, kwa sababu mkanda haubadilishwi bila sababu, na sababu ya kawaida ni ajali.

ELIA: Hiyo ni kweli kabisa, na inafaa hata kwa gari ambalo limeshapita mikononi mwa watu wawili watatu hapa nchini na karatasi yake ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi inayotolewa kwenye mnada wa Japani, imepotea.

ZUHURA: Sasa tuje kwenye injini, maana naona hapo ndipo tutakapogombana. Mimi nasimama upande wa V6 ya 2014. Haina turbo, haina betri kubwa, inatoa nguvu za farasi 203, inatumia petroli ya kawaida hata huko Japani, na fundi yeyote aliyewahi kushika Toyota Mark X anaifahamu, kwa sababu ni injini ileile ya 4GR-FSE.

ELIA: Sibishi kwamba inafahamika, na pengine inafahamika kwa sababu inafunguliwa mara nyingi. Injini hii hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda na si mahali pengine, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli hata kidogo. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi hugandia juu ya valvu hizo na kufanya masizi, na masizi yakizidi gari huanza kutetemeka asubuhi likiwa baridi. Lexus IS 250 iliyotumia injini hiyohiyo ililalamikiwa sana Marekani kwa jambo hili hili. Baadaye ringi nazo hukwama na gari likaanza kula oili, na mwenye gari hajui, kwa sababu halitoi moshi wa kutisha, linapunguza tu kidogo kidogo kati ya sevisi moja na nyingine.

ZUHURA: Lakini turbo nayo si inarusha petroli ndani ya silinda?

ELIA: Inarusha ndani, na inarusha pia kwenye njia ya hewa, yaani ina nozeli za aina mbili kwa kila silinda. Haibridi ya lita 2.5 na V6 ya lita 3.5 ziko hivyohivyo. Katika kizazi hiki chote ni V6 ndogo peke yake iliyonyimwa mpango huo, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuiweka mwisho.

ZUHURA: Umeniweka pabaya, lakini sijashindwa. Turbo hiyo ya 8AR-FTS, yenye nguvu za farasi 235, Toyota imeiandikia petroli ya daraja la juu. Huku kwetu kwenye vituo vingi unakuta pampu ya petroli ni moja, huchagui daraja. Pia turbo inataka oili safi kwa wakati, na wengi wetu tunabadilisha oili tukipata nafasi.

ELIA: Hoja yako ya oili naikubali bila masharti, kwa sababu oili iliyochakaa ndiyo inayoua turbo kuliko kilomita. Kuhusu petroli, kompyuta ya injini ikisikia mlio wa kugonga hurudisha nyuma wakati wa kuwasha cheche, kwa hiyo gari litatembea ila nguvu itapungua na ulaji wa mafuta utaongezeka. Anayenunua turbo ajue kwamba pengine hatazipata zile 235 zote. Hata hivyo kuna jambo la kikodi linaloipendelea. Ujazo wa injini yake ni sentimita za ujazo 1,998, ambao kwa Tanzania unaangukia kundi la hadi 2,000, ambapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, wakati V6 yenye 2,499 na haibridi yenye 2,493 zinaangukia asilimia 10.

ZUHURA: Na ushuru wa uchakavu je? Maana huo ndio unaoumiza watu.

ELIA: Huo unaanza gari likifikisha umri wa miaka 8, na unapanda tena likipita 10. Unahesabiwa juu ya kodi nyingine, si badala yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuona Crown ya 2014 ina bei ya chini sana Japani, akafurahi, kisha akaingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kukuta jumla imekaribiana na ya gari jipya zaidi. Ninasisitiza kikokotoo kwa sababu TRA hutumia thamani yake yenyewe, na ankara ya bei ndogo uliyopewa na muuzaji haitakusaidia. Vilevile mtu anayenunua Novemba au Desemba afikirie meli, kwa kuwa gari likifika bandarini Januari linaweza kuwa limeongezeka umri wa mwaka mmoja likiwa baharini.

ZUHURA: Ndugu zetu wa Kenya hesabu yao ni fupi zaidi, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Kwao S210 sasa ni gari la kununua kwa mtu aliyelileta zamani, na wanaoagiza wanatazama kizazi kilichofuata, kile kilichotoka Juni 2018.

ELIA: Ambacho majina ya Athlete na Royal yalifutwa, jambo lililowahuzunisha wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

ZUHURA: Tusisahau haibridi, kwa sababu naona watu wengi wanaiogopa.

ELIA: Kwa mtu wa foleni za Dar es Salaam ningeitazama kwanza. Kwenye kipimo cha Japani cha wakati ule ilipewa kilomita 23.2 kwa lita na turbo ikapewa 13.4. Hakuna atakayezipata namba hizo barabarani, lakini uwiano kati yake unabaki, na kwenye foleni unaongezeka kwa sababu injini huzimika gari likisimama. Betri yake ni ya nikeli, iko nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Hapo ndipo gari letu la Afrika linapoumia: vumbi na nyuzi za mazulia huziba feni, betri ikapata joto, na joto ndilo linaloimaliza. Mwenye gari anaambiwa betri imekufa kwa sababu ni ya zamani, kumbe hakuna aliyewahi kufungua feni na kuisafisha.

ZUHURA: Kwa hiyo anayekagua haibridi akae kiti cha nyuma.

ELIA: Akae nyuma, gari liwe limetembea dakika ishirini na zaidi, asikilize. Feni inayopiga kelele muda wote wakati kiyoyozi kimewashwa inaeleza kitu. Kisha apate fundi mwenye mashine ya kusoma kila kundi la betri, aone kama volti zinalingana, kwa sababu kundi moja likiwa chini ya mengine ndilo litakalovuta yote.

ZUHURA: Kuna vitu kwenye toleo la pili ambavyo mtu analipia bure. Crown ya Oktoba 2015 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupata ITS Connect, mfumo unaowasiliana na taa za barabarani na magari mengine kwa masafa ya megahezi 760. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini kwenye Barabara ya Bagamoyo hakuna taa itakayoitikia. Tangazo likiutaja kama sababu ya kuongeza bei, msikilizaji apite.

ELIA: Na kinyume chake kuna kero ambayo matangazo hayaitaji. Chini ya skrini kubwa kuna skrini ya pili ya kugusa, na mipangilio mingi ya kiyoyozi imo humo, kwa Kijapani. Ukitaka hewa iende miguuni unabonyeza mchoro, hiyo ni rahisi, lakini ukiingia kwenye kurasa za ndani unabaki unakisia. Matoleo yote mawili yako hivyo, kwa hiyo mwaka hautakuokoa.

ZUHURA: Wala hautakuokoa na matuta, maana gari liko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini. Kwa Athlete, ambayo suspensheni yake ni ngumu kuliko ya Royal, kagua chini ya bampa la mbele na plastiki za kufunika injini kabla hujaangalia rangi. Ikiwa unaagiza, soma karatasi ya mnada: herufi R au RA mahali pa daraja maana yake gari limefanyiwa matengenezo baada ya ajali, na XX kwenye mchoro ni paneli iliyobadilishwa. Mimi ningenunua ya 2014 yenye daraja la 4.5 na rekodi kamili ya sevisi kabla ya kununua ya 2016 yenye R.

ELIA: Hapo tunakubaliana, ila iwe haibridi ya 2014, na V6 iwe tu kwa mtu aliyethibitisha kwamba haili oili. Kati ya magari mawili ya msikilizaji wetu nachagua turbo, kwa masharti mawili: namba ianze na ARS210, na awe tayari kubadilisha oili kila kilomita 5,000. Akitaka kungoja, aongeze AWS210 ya mwisho wa 2015 kwenye orodha yake, kisha aipitishe kwenye kikokotoo pamoja na hizo mbili.

ZUHURA: Na kabla ya kutuma fedha?

ELIA: Aombe picha nne: bamba la chesisi, karatasi ya mnada yenye namba hiyohiyo, dashibodi injini ikiwa inaunguruma ili taa za onyo na kilomita zionekane, na kijiti cha oili kikiwa kimechomolewa juu ya kitambaa cheupe. Muuzaji mwenye gari mkononi huzipiga kwa dakika kumi. Anayejibu kwamba picha zitakuja baada ya malipo ya awali, msikilizaji amshukuru na atafute Crown nyingine, kwa kuwa minada ya Japani inaendelea kila wiki.