"Go off": kengele imelia au imezima?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nina maneno mawili tu, "go off", na nitakaa nayo mpaka yaeleweke, maana yalinisumbua sana nilipofika huku.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi zamu, kachoka, begi liko begani tayari, akaniambia: "The fire alarm went off at three." Nikatafsiri hapo hapo: "off" si kuzima? Basi kengele ya moto imezima saa tisa usiku. Nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba kengele ni mbovu, aitwe fundi. Kumbe alikuwa ananiambia imelia! Mimi natafuta fundi wa kengele wakati nilitakiwa nitafute moshi. Namshukuru Mungu hakukuwa na moto, lakini mikono ilinitetemeka nilipoeleweshwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. "The alarm went off", kengele imelia. "The lights went off", taa zimezimika. Maneno ni yale yale, maana zimepeana mgongo. Kinachoamua ni kile kitu chenyewe. Kama kazi yake ni kukaa kimya kikisubiri wakati wake, mfano kengele, alamu ya simu, bunduki, bomu, basi "go off" ni kulia, kufyatuka, kulipuka. Kama ni kitu kilichokuwa kinawaka, mfano taa au hita, "go off" ni kuzimika. Mimi hukumbuka kwa picha ya mtego: umetegwa, umetulia tuli, halafu paa! Ndiyo maana ukisikia "the gun went off", risasi imetoka, na mara nyingi msemaji anamaanisha imetoka yenyewe, hakuna aliyekusudia.

Na wala tusiwalaumu wenye Kiingereza chao. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Mgeni akikuuliza "piga" maana yake nini, utamwambia aangalie neno linalofuata. Kwenye "go off", anza kuangalia lililotangulia.

Maziwa je? "The milk has gone off", yameharibika. Hiyo utaisikia zaidi Uingereza. Mmarekani atasema "gone bad". "She went off to university", kaondoka kwenda chuo. "He went off on me", kaniwakia, kanifokea. Hii ni ya Marekani zaidi.

Kuna moja naipenda kwa sababu inabeba jambo la moyoni. "I've gone off him." Ni ya Waingereza. Hajasema wamegombana, hajasema wameachana. Anasema alikuwa anampenda, na sasa kamtoka moyoni, hamu imekwisha. Inatumika hata kwa kahawa au muziki uliokuwa unausikiliza kila siku. Hapa anayefanya ni mtu, na kinachofuata "off" ndicho kilichomchosha. Ukiisikia usikimbilie kutoa pole ya ndoa kuvunjika. Msikilize kwanza.

Kosa ambalo bado nalisikia kwa wenzetu wengi ni kusema "I went off the alarm" wakimaanisha wameizima. Hapana. Wewe unaizima kwa "turn off". Kengele ndiyo inayofanya "go off". Na kilichoifanya ilie, hicho kinafanya "set off": "The smoke set it off", moshi ndio ulioiliza. Mwenzangu yule angeniambia hivyo, ningeelewa mara moja.

Chukueni sentensi hii, isemeni kwa sauti kila asubuhi simu inapowaamsha: "When the alarm goes off, turn it off." "Off" ya kwanza inalia, ya pili inanyamazisha. Na mwone "it" imekaa katikati. Usiseme "turn off it", haisemwi kabisa.

Haya, nawaachia hii: "My phone went off in the meeting, so I turned it off and went off to find a quiet room." Niambieni hapo chini: simu ilifanya nini, mimi nikafanya nini, na "off" ipi haihusiani na sauti.