Unachangia nchi gani? Kazi, mpaka na pensheni ndani ya Ulaya

(Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Aachen, Liège na Maastricht)

Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo nanyi habari za mchana. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii, ingawa wamenipanga saa ambayo harufu ya pilau inapita hapa mbele kuliko sauti yangu. Nitajitahidi tulifikie likiwa la moto.

Hapa tulipo nchi tatu zinagusana. Kuna anayelala Aachen na kufanya kazi Maastricht. Kuna anayelala Kelmis, Ubelgiji, na kila alfajiri anakuja kusafisha ofisi huku Ujerumani. Mpaka huo mnauvuka bila kuufikiria, mpaka siku mtu anapougua, anapoachishwa kazi au anapofikisha umri wa kustaafu. Hapo ndipo anaanza kuzungushwa: nenda kule, kule wanasema rudi huku.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, pensheni ya Ulaya naiombea wapi?" Jibu langu huwa linawakatisha watu tamaa. Pensheni ya Ulaya haipo. Ipo ya Ubelgiji, ipo ya Ujerumani, ipo ya Uholanzi. Umoja wa Ulaya una nchi 27 wanachama, na kila moja ina umri wake wa kustaafu, kiwango chake cha michango na masharti yake. Brussels, yaani makao ya Umoja huo, haina mfuko wa kumlipa mstaafu hata senti. Ilichonacho ni kanuni zinazoilazimisha mifuko hiyo ya kitaifa isikilizane. Kanuni kuu ni namba 883 ya mwaka 2004, na ya utekelezaji ni 987 ya 2009. Zote zilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2010. Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi nazo zinazifuata kwa mikataba.

Jambo lenyewe ni la zamani, na lilianzia kwenye makaa ya mawe. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilikubaliana: Italia itoe wachimbaji, Ubelgiji iiuzie Italia makaa. Miaka kumi baadaye, tarehe 8 Agosti 1956, moto ulizuka katika mgodi wa Bois du Cazier pale Marcinelle, jirani na Charleroi. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano, wengi wakitoka milima ya Abruzzo. Mume alikuwa akikatwa mshahara Ubelgiji, mke na watoto wako kijijini Italia: nani awalipe, na kwa sheria ya nani? Desemba 1957 zile nchi sita za Jumuiya ya Makaa na Chuma ya Ulaya zilitia saini mkataba wa hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wahamiaji, na maandishi yake yakageuzwa kuwa Kanuni namba 3 ya Jumuiya mpya ya Kiuchumi ya Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1959. Namba tatu! Sera ya pamoja ya kilimo ilikuja baadaye, mwaka 1962. Kwa hiyo anayewaambieni kwamba mafao ya wahamiaji ni hisani ya juzi juzi, mwambieni yalitangulia ruzuku ya ng'ombe.

Sasa tuingie ndani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sheria mbili za michango hazikai juu ya mtu mmoja. Wakati wowote ule mfanyakazi yuko chini ya sheria ya nchi moja tu, na kwa kawaida ni nchi anayofanyia kazi. Unakoishi hakutangulii. Makao makuu ya kampuni hayatangulii. Ukiwa unalala Kelmis na kufanya kazi Aachen, unachangia Ujerumani, na bima yako ya afya ni ya Ujerumani. Unaomba fomu S1, inayothibitisha bima yako, kwenye Krankenkasse yako, yaani mfuko wa bima ya afya wa Ujerumani, unaipeleka kwenye mutuelle, mfuko kama huo kule Ubelgiji, na daktari wa karibu na nyumbani anakutibu, gharama zikirudi Ujerumani.

Kazi ikiwa katika nchi moja, mambo ni mepesi. Zikiwa mbili, ndipo penye mtego, na nataka tukae hapo kidogo.

Chukueni mlezi wa wazee anayeishi Aachen. Siku tatu anafanya kazi katika nyumba ya wazee Maastricht, siku mbili kwa mwajiri mwingine hapa Aachen. Wengi wetu tungesema achangie huku kwa siku mbili na kule kwa siku tatu. Kanuni inakataa. Inauliza: je, robo ya kazi yake au zaidi anaifanyia nchi anayoishi? Siku mbili kati ya tano ni asilimia 40. Basi mishahara yote miwili inakuwa chini ya Ujerumani, na yule mwajiri wa Maastricht anatakiwa kulipa michango ya Kijerumani, jambo ambalo huenda hajawahi kulisikia. Mlezi asipotoa taarifa, anakatwa Uholanzi miaka na miaka, halafu siku moja inafika barua ya kudai michango ya nyuma. Kwa anayeishi Ujerumani, ofisi inayoamua suala hili ni DVKA ya Bonn, ofisi ya uhusiano na nchi za nje ya mifuko ya bima ya afya. Waandikieni kabla ya kusaini mkataba wa pili.

Kwa watu wa kompyuta mambo yamelegezwa. Wakati wa korona nchi zilifumba macho. Baadaye zikaandika makubaliano yaliyoanza tarehe 1 Julai 2023. Anayefanyia kazi nyumbani, katika nchi anayoishi, chini ya asilimia 50 ya muda wake anaweza kubaki kwenye mfuko wa nchi ya mwajiri, mradi nchi zote mbili zimesaini. Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zimesaini. Lakini halijileti lenyewe: lazima liombwe, na hati ya A1 itolewe. Na angalieni limewalenga akina nani. Kazi yako iwe ya mtandaoni, iliyounganishwa na ofisi. Msafishaji, mpishi na yule mlezi wetu hawamo. Mimi naona hapo sheria imesogea haraka kwa waliokwisha kuwa na sauti, na wenye ndoo na fagio bado wanahesabiwa robo ileile.

Hiyo A1 niliyoitaja ni karatasi inayosema unachangia nchi gani. Mwajiri akikutuma nchi nyingine kwa kazi ya muda, isiyotazamiwa kuzidi miezi 24, unaendelea kuchangia kwenu na A1 ndiyo ushahidi wako. Ni karatasi yenye nguvu kweli: mkaguzi wa nchi nyingine hawezi kuitupa tu kwa sababu ameitilia shaka. Wapo walioichezea. Ubelgiji, wakaguzi waliikuta kampuni ya ujenzi ambayo karibu haina mfanyakazi wake mwenyewe. Kazi zote zilifanywa na watu waliotumwa na kampuni za Bulgaria, na kampuni hizo hazikuwa na shughuli ya maana huko Bulgaria. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, namba C-359/16, na tarehe 6 Februari 2018 ikaamuliwa kwamba mahakama ya nchi inaweza kuiweka kando A1 iliyopatikana kwa udanganyifu, iwapo nchi iliyoitoa imepewa ushahidi ikakaa kimya. Ukitumwa, omba nakala yako. Usikubali kuambiwa "ipo ofisini".

Pensheni sasa, kwa hesabu.

Tuseme ndugu yetu mmoja, wa kubuni, amefanya kazi Ubelgiji miaka 20, Ujerumani miaka 6, Luxembourg miaka 4. Jumla 30. Luxembourg haikupi pensheni ya uzee bila miaka 10 ya michango. Angekuwa peke yake na ile minne, angetoka mikono mitupu. Kanuni inasema miaka ya nchi zote ijumlishwe ili kufungua mlango. Ana 30, mlango unafunguka. Kisha Luxembourg inapiga hesabu kana kwamba yote 30 ilifanywa kwao; tuseme inatoka euro 1,500 kwa mwezi. Inachukua sehemu yake, minne juu ya thelathini, inamlipa euro 200. Ujerumani nayo inapiga hesabu yake, Ubelgiji yake. Anapokea malipo matatu kutoka nchi tatu, na kila moja linaanza kwa umri wa nchi hiyo. Hapa ndipo watu wanapopigana na karani bure. Ujerumani, kwa aliyezaliwa 1964 au baadaye, umri wa kawaida ni 67. Ubelgiji ni 66 tangu Februari 2025, na itakuwa 67 mwaka 2030. Kwa hiyo malipo yanaweza kuanza kwa vipande, na hakuna aliyekudhulumu.

Na kama ulifanya kazi nchi fulani chini ya mwaka mmoja? Nchi hiyo kwa kawaida haikulipi chochote kwa sehemu hiyo, lakini miezi yako haipotei. Nchi zile nyingine zinaihesabu. Kwa hiyo hata ile miezi minane ya kuchuma tufaha iandike kwenye fomu.

Maombi unapeleka mara moja tu, kwa taasisi ya nchi unayoishi, ama ile uliyofanyia kazi mwisho kama hukuwahi kuchangia unakoishi. Wao ndio watakaozitafuta nyingine, na tarehe ya ombi lako inashika kote. Mwisho unapata karatasi ya P1 yenye majibu ya nchi zote. Isomeni mstari kwa mstari, hasa kwenye mapengo. Majina yetu yanaandikwa kila ofisi kivyake, la babu linageuka la ukoo, tarehe ya kuzaliwa inakuwa 1 Januari, na mwaka mzima wa jasho unaangukia kwenye faili la mtu asiyekuwepo.

Ukosefu wa kazi nitaupitia upesi. Mvuka mpaka aliyeachishwa kabisa anajiandikisha na kulipwa anakoishi, ingawa alichangia kwingine, na hesabu inafuata mshahara aliokuwa akipata kule. Nchi zimebishana sana nani hasa abebe mzigo huo. Tume ya Ulaya ilipendekeza marekebisho Desemba 2016, na mwafaka wa Machi 2019 ukavunjika mikononi mwa serikali zenyewe. Posho ya watoto nayo hulipwa hata watoto wakiwa nchi nyingine ya Umoja. Austria ilijaribu kuipunguza kuanzia 2019 kwa watoto wanaoishi kwenye maisha ya bei nafuu, na tarehe 16 Juni 2022 Mahakama ikaikatalia: mzazi anachangia sawa na mwenzake, basi alipwe sawa.

Najua kuna wenye pasipoti ya Kenya, ya Tanzania, ya Kongo, mnajiuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, kwa Kanuni 1231 ya 2010, kwa masharti mawili. Uwe unaishi kihalali katika nchi mwanachama, na mambo yako yaguse zaidi ya nchi moja ya Umoja. Aliyetoka Kisumu akafika Köln na hajafanya kazi kwingine Ulaya, hana cha kuratibiwa. Yeye ni wa sheria ya Ujerumani tu. Denmark haimo katika kanuni hiyo. Miaka yenu ya Denmark, ulizeni mapema.

La mwisho, maana naona sahani zinapangwa. Wanaorudi nyumbani moja kwa moja wananiuliza kuhusu kurudishiwa michango. Watanzania mnakumbuka mabishano ya fao la kujitoa. Ujerumani nayo ina la kwake. Asiye raia wa Umoja, akishaondoka na kukaa miezi 24 nje ya mfumo, mara nyingi anaweza kuomba arudishiwe. Anachorudishiwa ni sehemu aliyokatwa yeye. Ile ya mwajiri inabaki. Na akishapokea, miaka yake yote ya Ujerumani inafutwa, haijumlishwi tena na ya Ubelgiji wala ya Uholanzi. Yule ndugu yetu wa kubuni, akiichukua ile sita, Luxembourg itamhesabia 24 badala ya 30. Kabla hujajaza fomu hiyo, leta karatasi zako zote za nchi zote, tuziweke mezani tupige hesabu pamoja.

Karibuni maswali. Mama wa pale nyuma, ulitangulia kunyoosha mkono.