Jimbo linalilia wafanyakazi, mbona mnakaa bila kazi?

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Buyenzi pale Bujumbura, wa Uvira, wa Kigoma, na popote mnaponisikiliza. Wakubwa shikamooni.

Swali ni lile lile kila wiki, nimeona nilijibu mara moja. "Kaka, tunasikia Maine, hilo jimbo lako la Marekani, inalilia wafanyakazi, mbona waliofika huko wanakaa miezi bila kazi? Ni uvivu?" Na mwingine: "Kama jimbo lenyewe linaomba watu, si nije tu?"

Najua nikisema kazi ziko mtasema najisifu. Nikisema kuna taabu mtasema nawafungia mlango niliopitia mimi. Semeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Kazi ziko, na hakuna jimbo la Marekani ambalo watu wake wamezeeka kama hili. Nyumba za kulelea wazee zinatafuta watu, hoteli zinatafuta watu. Mwaka 2023 jimbo liliiomba serikali kuu, ile ya Washington, ruhusa ili waombaji hifadhi, yaani waliokimbia kwao na wanaomba kulindwa hapa, waanze kazi mapema. Maseneta wake, Susan Collins wa chama cha Republican na Angus King asiye na chama, walipeleka muswada wa kupunguza kusubiri hadi siku 30. Haukupita. Jimbo linaweza kukupa leseni ya gari, lakini kibali cha kazi cha mgeni haliwezi. Hicho kinatoka serikali kuu, na siku za kukisubiri zimo kwenye sheria ya mwaka 1996: siku 180.

Na hizo 180 hazihesabiwi tangu ulipotua. Zinaanza fomu yako ya hifadhi ikipokelewa. Zikifika 150 ndipo unaruhusiwa kutuma ombi la kibali. Sisi tunaiita saa, na saa hiyo inasimama. Wewe ukiomba kesi iahirishwe, inasimama.

Yangu ilisimama siku ya 97. Wakili niliyekuwa naye aliomba tarehe nyingine kwa sababu ya safari yake mwenyewe, hakuniuliza, na kwenye karatasi ikaandikwa ni mimi niliyeomba. Ikakaa hivyo miezi minne. Baba yangu alifariki ndani ya miezi ile. Mimi ni fundi, nimeanza kufungua injini Buyenzi nikiwa na miaka 14, na nilikuwa nalala Portland, mji wa hapa Maine, nikisikia kila asubuhi gari la jirani linakataa kuwaka, najua kabisa ni plagi, na siruhusiwi kulipwa hata dola 20. Mji ulinisaidia, sitaukana wema wao, lakini msaada ulikuja kwa vocha: ya chakula, ya kodi ya nyumba. Vocha haitumwi Bujumbura. Kaka yangu akasema mbele ya watu msibani kwamba nimekwisha kusahau nyumbani. Mpaka leo hatujaongea vizuri. Mnaoandika "wa ughaibuni ni wachoyo", muwe mnauliza kwanza mtu yuko siku ya ngapi.

Juni 2019 walifika wenzetu, wengi wa Kongo na Angola, zaidi ya 400 wakalazwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, pale Expo. Nilikwenda kutafsiri Kiswahili, bila malipo. Nilikuta mafundi, manesi, walimu, wanaume na wanawake wenye nguvu zao wamekaa juu ya vitanda vya kukunja, na mji huo huo unatafuta wa kufua mashuka ya hoteli. Jimbo linayaona haya, ndiyo maana linaomba sheria ibadilishwe nchi nzima. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote.

Lakini mambo yamekwenda upande mwingine. Wakati wangu kibali cha kwanza cha mwombaji hifadhi kilikuwa bure. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 ilianza kwa kuweka dola 550 mwaka huo, ombi lenyewe la hifadhi dola 100, kisha 100 nyingine kila mwaka kesi ikiwa bado. Hakuna kusamehewa kwa sababu ya umaskini. Mtu amekatazwa mshahara, halafu anadaiwa mamia ya dola ili aruhusiwe kupata mshahara! Ninawajua waliochangiwa msikitini, waliochangiwa kanisani. Namjua dada mmoja aliyetumiwa na shangazi yake kutoka Burundi. Pesa zinatoka huko kuja huku, jamani.

Sasa, nije au nisije? Hilo siwezi kukuamulia. Kesi yangu ni yangu, yako ina mambo yake, tafuta wakili, na kila karatasi anayopeleka kwa jina lako omba nakala. Ninachokuomba ni kimoja: usiuze kiwanja kwa sababu umesikia jimbo linaomba watu. Jimbo linaomba kama mimi na wewe tunavyoomba, na wa kujibu yuko kwingine.

Huyu anayenishikia simu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hataki sura yake ionekane, ana haki. Leo yuko siku ya 112, na pesa za kibali bado hana.