Ngao ya Kirumi haitaki ubao mnene

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Asanteni kwa kuja. Naona wengine mnacheka, sawa chekeni tu, najua mtu mzima na ndevu zake kujivika uaskari wa Kirumi kila kiangazi sio jambo la kawaida kwa Mswahili, ila ukikaa Newcastle hapa Uingereza, ukuta wa Hadrian waliojenga Warumi uko mlangoni kwako, unashtukia tu ushaingia kundi la kuigiza askari wao. Leo sigusi panga wala helmeti, naongelea hii ngao tu, na kilio changu ni kimoja, tunazitengeneza nene mno.

Yangu ya kwanza nilibandika plaiwudi tatu za milimita 4, jumla 12, nikaona ndo uimara huo. Bwana wee, kama nimebeba mlango wa choo! Nusu saa mkono wa kushoto ushakufa ganzi na maonyesho ndo kwanza yanaanza.

Sasa ile ya kweli ikoje? Ngao ya mstatili iliyopinda namna hii imesalia moja tu, ilichimbuliwa Dura-Europos kule Syria mwaka 1935, mji ule Waajemi wa Kisasani waliuteka kama mwaka 256 hivi, na siku hizi ngao iko chuo kikuu cha Yale, Marekani. Urefu sentimita 105 na ushee. Unene? Milimita 5 au 6! Hapa watu huwa wananibishia, subirini basi. Ni vipande vya mbao vyembamba, tabaka tatu, kila tabaka halizidi milimita 2, la kati limesimama na hayo mengine yamelala, yaani nyuzi za mbao zinapishana, plaiwudi hiyo hiyo mnayonunua dukani ila hawa wamebandika kwa mkono. Juu ngozi, ikapakwa rangi nyekundu, simba, tai, mapambo kibao. Na ukingoni sio shaba kama tunavyopenda sisi ili ing'ae kwenye picha, wameshona ngozi mbichi, ikikauka inabana kama ngoma.

Nguvu iko kwenye mpindo. Hebu shika karatasi kwa ukingo, si inalala? Ipinde kidogo tu, inasimama.

Kwa hiyo tengeneza kalibu yenye mpindo, chukua plaiwudi tatu za milimita 2, paka gundi kotekote, bana na klempu na ile mikanda ya kufungia mizigo kwenye lori, halafu nenda kalale. Mimi ya pili niliifungua baada ya masaa matatu, kiherehere, ikaanza kulia krr krr na asubuhi nikaikuta imejinyoosha kama mkeka. Siku mbili nzima, usiiguse.

Katikati unatoboa tundu, nyuma yake mshikio unapita kwa kulala, ngumi inaingia kwenye bakuli la chuma. Hili bakuli kwa Kilatini ni umbo, ndio, umbo, wala halihusiani na umbo letu, maana yake kama nundu iliyochomoza hivi. Linakinga vidole na ukimsukuma nalo mtu kifuani anakaa.

Bakuli moja la namna hii lilitolewa mto Tyne, huu huu tunaovuka kila siku, liko British Museum, makumbusho ya London. Ni la askari wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, ile ya nane, VIII Augusta, na mwenyewe kagonga jina lake pembeni kwa vinukta, Junius Dubitatus, na jina la kiongozi wake Julius Magnus. Mimi nilipoliona nilicheka peke yangu, nikawakumbuka mama zetu wanavyotia alama chini ya sufuria kabla haijaenda shughulini, maana wanajua harudishi mtu! Na kweli, kambini mwaka jana ngao yangu ilichukuliwa, zote nyekundu zote simba, utajuaje. Hii mpya, geuzeni muone, nimegonga langu kwa msumari.