Koti la Emin Pasha

Asalaam aleikum wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya tamthilia za upelelezi za enzi zile, ambazo mtunzi humtia ndani mtu aliyeishi kweli. Nitapita Kanada haraka, maana hapa Bagamoyo kuna dirisha linaloninyima usingizi.

Murdoch Mysteries, tamthilia ya televisheni ya Kanada, ilianza kurushwa mwaka 2008. Mpelelezi wake, William Murdoch, ni wa kubuni. Yuko Toronto ya miaka ya 1890, na baiskeli yake na sayansi yake. Katika kipindi cha kwanza kabisa mwanamke anakufa kwa umeme hadharani, na anayekuja kumsaidia Murdoch ni Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme. Baadaye anapita Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, anapita Churchill. Haya, Tesla anaweza kunyongwa pale? Thubutu! Alifariki New York mwaka 1943, kila mtu anajua. Mtu mashuhuri ndani ya hadithi hizi ni karabai: anaangaza uwanja, ngoma wanacheza wengine. Moyo unatudunda kwa ajili ya yule asiye na jina.

Sasa kwetu. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, aliingia mji huu pamoja na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan, wakitoka bara. Jioni Wajerumani wakawaandalia karamu ghorofani, shampeni na hotuba. Emin alikuwa na macho mabovu. Karatasi aliisoma ikikaribia kugusa pua. Akaondoka mezani, akapitia dirishani, akaanguka chini akapasuka kichwa. Stanley akavuka kwenda Zanzibar, mwenzake akabaki hospitalini hapa kwa wiki kadhaa.

Ilikuwa ajali. Mtunzi akiniambia Stanley ndiye aliyemsukuma, nazima televisheni. Na Emin alipona, akaja kuuawa Kongo mwaka 1892. Lakini usiku ule nani alijua kama atapona? Afisa aliyekwisha kunywa, mgeni wake yuko chini anatoka damu, atamkamata nani kwanza? Wissmann, mkuu wa Wajerumani hapa pwani? Atamkamata kijana aliyekuwa akipakua chakula: nani kaacha dirisha wazi, nani kaisogeza taa? Msisahau ulikuwa mwezi gani. Tarehe 15 Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani.

Kijana huyo namtunga mimi, na mpelelezi wangu pia: dobi. (Cheka tu, mzee.) Polisi wote wanatazama dirisha, yeye kaletewa koti na suruali, kaambiwa atoe damu. Anavikunjua uani, kabla ya kutia maji. Mgongoni mwa koti hakuna alama ya mkono, wala mkunjo wa kushikwa. Lakini suruali, mbele, chini kidogo ya magoti, ina mstari wa chokaa, mweupe, umenyooka kama umepigwa rula. Kizingiti cha dirisha. Kijiwe cha sabuni kiko mkononi, ndoo imejaa, na askari yuko mlangoni anamhimiza afue upesi.