Nyumba ya Ukuta Mtupu na Treni ya 1863: Twende Chini ya London

Wadau, angalieni vizuri hizi nyumba nyuma yangu. Hapa ni Leinster Gardens, London, si mbali na Hyde Park, mtaa wa wenye nazo. Nyumba zimeshikana, nyeupe zote, nguzo mlangoni, vibaraza juu. Sasa nasogeza kamera. Namba 23 na 24: tazameni madirisha. Hakuna kioo pale, ni rangi imepakwa. Mlango hauna hata tundu la barua. Ukipiga hodi hapo mpaka kesho hakuna wa kukuitikia, maana nyuma ya huu ukuta hakuna sebule, hakuna chumba, hakuna hata paka. Kuna shimo wazi, na chini ya shimo inapita treni.

Habari zenu wote. Dar, Mwanza, Mombasa, Bujumbura, na nyie wa Muscat mnaonitumia ujumbe usiku wa manane. Mmeniomba sana video ya treni za chini ya ardhi. Na tangu SGR ianze kwenda Dodoma 2024, kila mtu kwenye komenti amekuwa fundi wa reli. Mnaniuliza mbona za Wazungu zina joto, mbona vibehewa vidogo, mbona upande wa kusini wa jiji hazifiki. Mna haki ya kuuliza. Jibu langu ni moja na leo nalitembeza kwa miguu: hawa watu walianza mapema mno. Walichimba kabla hawajajua wanachimba nini, na wajukuu zao ndio wanaobanana humo leo.

Tuanze na huu ukuta. Njia ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa hapa London tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon. Mjue tu ni zamani kiasi gani: Sultani Majid yuko Unguja, na Dar bado ni Mzizima. Umeme wa treni haujafika. Kwa hiyo walitia nini chini ya ardhi? Treni ya mvuke! Moto, makaa, moshi, ndani ya handaki, na abiria wamekaa kwenye mabehewa ya mbao yanayomulikwa na taa za gesi. Injini zilitengenezwa ziweze kuuzuia mvuke kiasi, lakini lazima mahali fulani zipumue. Njia iliporefushwa kupita hapa mwaka 1868, nyumba mbili zilivunjwa ili moshi upate pa kutokea. Sasa wenye mtaa watakubali pengo katikati ya nyumba zao za fahari? Thubutu. Ukajengwa ukuta wa unene wa kama mita moja na nusu, ukachorwa mlango na madirisha, heshima ya mtaa ikabaki. Mvuke ulishaondoka siku nyingi. Ukuta bado upo.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue kabla hatujashuka. Charles Pearson, mwanasheria wa serikali ya jiji. Huyu alipiga kelele miaka na miaka kwamba barabara za London zimejaa mikokoteni na farasi, na treni za kutoka mikoani zinaishia pembezoni, basi reli ipitishwe chini. Wakamcheka. Walipokubali na kuanza kuchimba, mfereji wa maji machafu wa Fleet ukapasuka Juni 1862 na kujaza kazi yote tope. Pearson mwenyewe akafariki Septemba mwaka huohuo, miezi michache tu kabla ya treni ya kwanza. Hakupanda hata mara moja.

Haya, nimeshuka. Hapa ni Baker Street, majukwaa ya njia ileile ya 1863. Oneni matofali, oneni hivi vishimo vya ukutani vinavyopanda juu: vilikuwa vya kuingiza mwanga na kutoa moshi. Hapa hatuko chini sana, kwa sababu njia hizi za mwanzo hazikutobolewa. Walifukua barabara nzima kama mtaro, wakalaza reli, wakajenga paa la matofali, wakarudishia barabara juu. Ndiyo maana handaki lake ni pana na treni zake ni kubwa, za kisasa, zina kiyoyozi. Mkibahatika kupanda hizi mtasema London raha.

Sasa nabadilisha laini, nashuka chini zaidi kwenda Bakerloo, tuone kama mtarudia kusema hivyo.

Nimesimama jukwaani. Treni ile inaingia, angalieni umbo lake: mviringo, fupi, mtu mrefu akisimama karibu na mlango anainamisha kichwa. Hizi treni zilianza kazi mwaka 1972. Mwaka 1972! Ni miongoni mwa treni kongwe kabisa zinazobeba abiria Uingereza. Na udogo wake si ubahili wa mtengenezaji. Njia za kina kirefu zilianza 1890, pale umeme ulipopatikana, na mahandaki yake yalitobolewa kwenye udongo wa mfinyanzi yakiwa na kipenyo cha kama mita tatu na nusu. Kutoboa ni ghali, kampuni zilikuwa za watu binafsi wanaotafuta faida, wakatoboa kinachotosha tu. Leo hata ukileta treni nzuri namna gani, lazima ipite kwenye tundu lile la babu.

Na joto lenu mnaloniuliza, hili hapa. Sikieni, natoka jasho na nje watu wamevaa makoti. Ule mfinyanzi, walipochimba, ulikuwa na nyuzi 14 hivi. Enzi hizo kampuni zilijitangaza kabisa: wakati wa kiangazi njooni chini, kuna ubaridi. Lakini kila treni ikifunga breki, breki zinatoa joto. Mota zinatoa joto. Sisi wenyewe tunatoa joto. Mfinyanzi umeyanyonya yote kwa zaidi ya miaka mia na sasa umeshiba, umefika kati ya nyuzi 19 na 26, haupokei tena. Kiyoyozi nacho kinahitaji mahali pa kutupia hewa ya moto, na humu ukuta uko vidole vichache tu kutoka dirishani. Laini ya Piccadilly imeagiziwa treni mpya zenye kiyoyozi. Bakerloo, poleni. Saa mbili asubuhi humu ni kama basi la mwendokasi la Kimara kule Dar, ila hakuna wa kufungua dirisha akakupunguzia.

Halafu, kabla haijaondoka, hesabuni reli. Mbili za magurudumu, moja pembeni, moja katikati. Nne! Ya pembeni inaleta umeme, ya katikati inaurudisha, jumla volti 630. Sehemu nyingi duniani umeme unarudi kupitia reli za magurudumu, lakini hapa mahandaki yalipigwa kuta za chuma, wakaogopa umeme ungetangatanga humo na kuharibu mambo. Kwa hiyo simu ikikudondoka relini, iache. Muite mhudumu.

Nimefika Embankment, nahamia laini ya Northern, upande wa kwenda kaskazini. Nyamazeni kidogo msikilize tangazo.

Mmeisikia hiyo sauti? Inaonya abiria waangalie pengo kati ya treni na jukwaa. Vituo vingine wana sauti mpya. Hii ni ya mwigizaji Oswald Laurence, iliyorekodiwa miaka ya sitini. Alifariki 2007. Mkewe akawa anakuja hapa, anakaa kwenye benchi, anaacha treni zipite, ili tu amsikie mumewe. Siku moja mwaka 2012 akakuta sauti imeondolewa, mitambo imebadilishwa. Akawaandikia kuomba nakala. Walimpa nakala, na juu yake wakairudisha sauti hapa, kwenye jukwaa hili moja tu. Mimi na shirika hili la usafiri tuna ugomvi wetu wa nauli, lakini kwa hili nawapa mkono.

Wahudumu pia, tukiwa hapo. Mtaona sura zetu nyingi tu humu. Haikutokea hivihivi: mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilikwenda kuajiri watu mpaka Barbados, kwa sababu Waingereza wa kufanya kazi hizi hawakutosha. Na mwanamke wa kwanza kuendesha treni hizi, Hannah Dadds, alianza 1978.

Leicester Square. Hapa nawapa siri ya wageni. Tazameni ramani ukutani: kila kitu kimenyooka, rangi safi, pembe zimekatwa vizuri. Aliyeichora ni Harry Beck, mchora michoro ya mitambo, mwaka 1931. Aliona kwamba mtu akiwa chini hana haja ya kujua mtaa gani uko juu yake. Anataka kujua anashuka wapi na anabadilisha wapi. Akaichora kama mchoro wa nyaya za umeme. Wakubwa wakaikataa, imezidi ugeni. Mwaka 1933 wakaichapisha kwa majaribio, wananchi wakaigombania, na miji mingi duniani imeiga mtindo huo. Lakini ramani hii haisemi kweli kuhusu umbali. Kutoka hapa hadi Covent Garden inaonekana ni safari. Ni mita 260! Treni inatumia chini ya dakika moja. Watu wanashuka, wanagusa kadi, wanalipa, kwa umbali wa kwenda dukani kununua sukari. Na ukishuka Covent Garden ukakuta foleni ya lifti, usijifanye mwanariadha ukapanda ngazi. Ni 193, sawa na ghorofa 15, na wamebandika kabisa tangazo la kukuonya. Kijana wangu mmoja mgeni kutoka Arusha alisema Meru ameshaupanda, ngazi zitamfanya nini. Tulimsubiri juu.

Niko ndani ya Piccadilly sasa, nitapunguza sauti.

Vita vya pili, Wajerumani wanamwaga mabomu London. Serikali haikutaka watu walale humu; iliogopa wakishuka hawatapanda tena. Wananchi wakanunua tiketi ya bei ya chini kabisa, wakaingia na mablanketi, wakagoma kutoka. Serikali ikasalimu amri. Lakini huku chini nako hakukuwa salama siku zote. Oktoba 1940 bomu lilitoboa kituo cha Balham. Na lililo baya kuliko yote lilitokea bila bomu: Bethnal Green, 3 Machi 1943. King'ora kimelia, watu wanashuka ngazini gizani, mara mizinga mipya ya kujihami ikafyatuliwa karibu, mlio ambao hawakuwahi kuusikia. Wakasukumana. Mwanamke akajikwaa, waliokuwa nyuma wakamwangukia. Walikufa watu 173, wengi wao watoto na akina mama. Na kituo chenyewe kilikuwa hakijaanza hata kupokea treni, zilifika 1946. Vita vikiendelea, habari kamili zilifichwa.

Hapa ni King's Cross, na hapa pana msiba wake pia. Tarehe 18 Novemba 1987 njiti ya kiberiti ilidondoka chini ya ngazi za umeme zilizokuwa za mbao, kwenye grisi na takataka za miaka. Sigara zilikuwa zimeshapigwa marufuku, lakini watu walikuwa wanawasha wakipanda kutoka. Moto ulianza mdogo, waliouona hawakutishika. Kumbe miali ilikuwa imelala chini kando ya ngazi ikipanda kimyakimya, kisha ikalipuka juu kwenye ukumbi wa tiketi. Watu 31 wakafariki. Kompyuta ilipoonyesha moto unavyolala namna ile, wataalamu wenyewe walidhani programu imekosea, mpaka walipojenga mfano mdogo wakauchoma. Baada ya hapo mbao zikaanza kung'olewa mtandao mzima, za mwisho pale Greenford, 2014. Ndugu zangu mnaosimamia stendi na masoko yetu, takataka chini ya ngazi zina habari yake.

Narudi laini ya Northern, nashuka kituo kimoja mbele, Angel. Nimekuja hapa makusudi kwa hizi ngazi za umeme: mita 60, ndefu kuliko zote kwenye mtandao huu wa vituo 272. Simama kulia, wenye haraka wapite kushoto. Ukisimama kushoto hakuna atakayekutukana, watakohoa tu nyuma yako, na kikohozi cha Mwingereza ni matusi.

Mmeuliza kusini. Upande wa kusini wa Thames reli za juu zilikuwa zimeshatapakaa, na udongo wake una mchanga na maji, si mfinyanzi mzuri wa kutoboa. Ndiyo maana vituo vingi viko kaskazini. Na usidanganyike na jina la "treni za chini ya ardhi", zaidi ya nusu ya njia zenyewe ziko juu ya ardhi, zinapita kwenye majani kama treni nyingine.

La mwisho, kwa mnaokuja kututembelea. Usipange foleni ya tiketi ya karatasi. Kadi yako ya benki ikiwa ina alama ya kugusa, inakubali, hata ya benki ya nyumbani, ila ulizieni makato yao kabla. Gusa unapoingia, gusa unapotoka, na iwe ileile. Ukigusa kadi ukiingia, halafu ukagusa simu ukitoka, mashine inaona watu wawili ambao hawakumaliza safari, na inawakata wote wawili nauli ya juu. Wote wawili ni wewe.

Haya, nimefika juu. Anayetaka video ya Elizabeth line, ile njia mpya ya treni ya London, aandike kwenye komenti, ila ile ina kiyoyozi, msitegemee malalamiko.